Tukiwa na blaindi 300, je, karata yoyote ni ya kulipia flopu?

"Habari mwalimu. Mimi hucheza mashindano ya poka ya mwisho wa mwezi katika kasino moja hapa Nairobi. Ada ni shilingi 10,000. Tunaanza na chipu 30,000, blaindi, yaani madau ya lazima ya kila mkono, ni 50/100, na kila ngazi ni dakika 40. Rafiki yangu aliyenifundisha huniambia ngazi za mwanzo ni za kuonja: 100 kati ya 30,000 si kitu, kwa hiyo lipa uone flopu, zile karata tatu za kwanza za wazi mezani, na karata yoyote, ipo siku utapata mkono ambao hakuna atakayeuotea. Anasema hata Doyle Brunson, yule mcheza poka maarufu wa Marekani, alitwaa ubingwa wa dunia kwa 10-2. Nimefuata hivyo, lakini kila nikifika mapumziko ya kwanza, baada ya ngazi tatu, nabaki na kama 17,000, na sikumbuki kupoteza mkono wowote mkubwa. Mwezi uliopita nilitolewa kabisa: nilikuwa na J-4, zote za kopa, nikapata flashi (karata tano za alama moja), kumbe mwenzangu ana A-8 za kopa. Usiku huo niliingia tena mara mbili. Je, hii ni bahati mbaya tu, au nianze kungoja A-A na K-K?"

Ndugu yangu, kinachokusumbua nakielewa hivi: ushauri uliopewa una mantiki ukiusikia, lakini chipu zinaisha na huoni zinaishia wapi. Bahati imehusika, ila kidogo sana. Rafiki yako naye hajakosea kabisa. Rundo kubwa linakupa ruhusa ya kucheza karata ambazo ukiwa na blaindi 20, yaani chipu za kutosha blaindi kubwa 20 tu, ungezitupa bila kuzifikiria. Tatizo ni hilo neno "yoyote".

Tutafute kwanza hizo 13,000. Meza ya watu tisa yenye mgawaji mzoefu hutoa mikono 25 hadi 30 kwa saa. Ngazi tatu za dakika 40 ni saa mbili, tuseme mikono 55. Kama ulilipa kuona flopu katika nusu yake, hiyo ni mikono kama 27. Blaindi kubwa ilikuwa 100, ikawa 200, ikawa 300, kwa wastani 200. Hapo zimekwenda 5,400. Ongeza blaindi ulizotoa zamu ilipokufikia, kama 1,800 hivi, jumla 7,200. Karibu robo ya rundo lako, na bado hatujahesabu dau lolote baada ya flopu. Ile 100 isiyo kitu ilikuwa 100 kwa dakika 40 za kwanza tu, halafu bei ikapanda na wewe ukaendelea na mazoea yale yale.

Zinabaki karibu 6,000 ambazo huzikumbuki. Kwa kweli ni zaidi, maana bila shaka kuna poti (chipu zinazowekwa katikati ya meza) mbili tatu ndogo ulizoshinda. Hizi ndizo ninazotaka tuzizungumzie, kwa sababu ndizo zinazoonyesha karata dhaifu inavyofanya kazi.

Chukua J-4 ya kawaida, alama mbalimbali. Watu sita wamelipa 100, poti ina 600. Flopu inakuja J-9-3. Unafurahi, una jozi kubwa kuliko zote zinazoweza kutoka kwenye zile tatu. Mtu anaweka 400, unalipa. Karata ya nne haina maana, anaweka 1,000, unalipa kwa kuwa huwezi kutupa jozi ya J. Karata ya mwisho, anaweka 2,200. Unakuna kichwa, unalipa. Anafungua Q-J: jozi ya J ile ile, ila karata yake ya pembeni ni Q, yako ni 4. Umepoteza 3,700 na moyoni unasema, ah, mkono wa kawaida tu. Hukuwekwa kona, hukumwaga zote, hakuna aliyepiga kelele. Ndiyo maana huukumbuki.

Sasa geuza: una J-4 ile ile na mwenzako ana 10-9. Atakulipa 400, pengine na 1,000, halafu ukiendelea atatupa. Umeshinda poti ya wastani. Na kama hakupata chochote alitupa tangu flopu, ukazoa zile 600. Ona mwendo wenyewe: ukiwa mbele unalipwa kidogo, ukiwa nyuma unalipa hadi mwisho. Karata mbili zisizo jozi zitapata angalau jozi moja kwenye flopu mara moja katika kila tatu, kwa hiyo hali hii inakutembelea kila mara. Kile unachokiota, yaani jozi mbili kwa karata zako zote mbili, huja mara moja katika flopu 49 hivi. Kati ya mikono yako 27 ya kulipia, kuna uwezekano mkubwa hukuiona hata mara moja.

Kosa lililofichika katika ushauri wa rafiki yako ni kwamba anapima bei ya kuingia tu. Ile 100 ni kiingilio cha mlangoni. Bei ya vinywaji utaikuta ndani. Na rundo likiwa kubwa, bei ya ndani hupanda bila kikomo. Mwenye blaindi 15 akipata jozi ya J humwaga zote na mara nyingi ni sawa, hakuna kubwa la kupoteza. Mwenye blaindi 300 akipata jozi hiyo hiyo, kila dau linaloongezeka linampa habari mbaya, kwa sababu watu hawaweki blaindi 100 mezani wakiwa na jozi dhaifu kuliko yake. Kadiri rundo lilivyo kubwa, ndivyo jozi moja inavyopungua thamani. Kwa hiyo rundo kubwa haliinui karata zote dhaifu kwa pamoja. Linainua zile zinazoweza kutengeneza mkono usiopigika, na kuzishusha zile zinazotengeneza mkono wa pili kwa ubora.

Tuje kwenye flashi yako, kwani hapo ndipo utakaposema nilikuwa na mkono mkubwa, ningefanyaje? Hukuniandikia meza yote, kwa hiyo nitajenga mkono unaofanana nao. Watu sita, poti 600, ngazi ya kwanza. Flopu ni K ya kopa, 9 ya kopa, 6 ya pau. Unaweka 400, wawili wanalipa, poti ni 1,800. Karata ya nne ni 2 ya kopa: flashi imetimia. Unaweka 1,200, mmoja anapandisha hadi 4,000, mwingine anatupa. Na wewe unasukuma zote, chipu 28,000 na ushei.

Hesabu kopa zilizobaki. Kopa ni 13. Tatu ziko mezani, mbili unazo wewe, zimebaki nane: A, Q, 10, 8, 7, 6, 5 na 3. Nane hizo zinatoa jozi za karata 28 ambazo mwenzako anaweza kuwa ameshika akiwa na flashi. Zenye A au Q ni 13, zote zinakupiga. Unazipiga 15. Ukiishia hapo utasema niko mbele kidogo. Lakini angalia hizo 15 ni zipi: 10-3, 8-3, 7-5 na jamaa zake. Nyingi ya hizo mtu mwenye akili alizitupa kabla ya flopu, na hata aliyeshika 8-7, je, atalipa blaindi zaidi ya 250 kwa flashi ya 8? Wachache. Mwenye A ya kopa pamoja na kopa nyingine, yeye atalipa kabla hujamaliza kusukuma. Hivyo dau lako la mwisho liliwafukuza uliokuwa unawashinda na kumwita anayekushinda.

Ungefanya nini? Ungelipa ile tofauti ya 2,800, poti ikawa 9,800. Karata ya mwisho, tuseme anaweka 5,000. Unalipa, maana huenda ana tatu za aina moja au flashi ndogo. Anaonyesha A-8. Umepoteza 9,500, inauma, lakini una 20,500 na blaindi bado ni 50/100. Hiyo ni blaindi 205. Uko kwenye mashindano kama kawaida, na huna haja ya kwenda dirishani kulipa tena.

Na ukae ukijua kwamba kuwa na karata za alama moja hakusaidii kama watu wanavyodhani. Ukishika mbili za alama moja, flashi kamili kwenye flopu huja mara moja katika mara 119 hivi. Kupata mbili nyingine ukabaki ukisubiri ya tano ni kama asilimia 11. Kwa jumla, tofauti ya J-4 za alama moja na J-4 za alama mbalimbali ni asilimia mbili au tatu tu za nafasi ya kushinda. Karata mbaya ikivaa kopa bado ni karata mbaya.

Zipi basi dhaifu ninazozikubali? Ya kwanza, na kwangu haina mpinzani, ni jozi ndogo: 2-2 hadi 6-6. Utapata tatu za aina moja kwenye flopu mara moja katika kila nane au tisa. Ukizikosa, unatupa bila maumivu wala mashaka. Ukizipata, zimejificha, na mwenye A-A hawezi kukuona. Hapo ndipo yale maneno ya "hakuna atakayeuotea" yanapokuwa kweli. Wachezaji wengi hutumia kipimo hiki: bei ya kuingia isizidi asilimia tano ya rundo dogo kati ya lako na la mpinzani, na ikifika asilimia kumi, tupa. Zingatia, rundo dogo. Wewe ukiwa na 30,000 na aliyepandisha ana 4,000, mchezo wenu ni wa 4,000, na jozi yako ya 3 haina wa kuilipa inavyostahili. Nisikufiche pia kwamba mara chache tatu zako za 3 zitakutana na tatu za 9, na hapo utatoka. Hiyo ndiyo bahati mbaya ya kweli, na huwezi kuikwepa.

Ya pili ni A na karata ndogo za alama moja, kama ile A-8 iliyokutoa. Uzuri wake ni kwamba flashi yake ndiyo ya juu. Hatari yake ni jozi ya A peke yake, ambayo lazima uwe tayari kuitupa dau likikua. A-5 za alama mbalimbali hazina uzuri huo, zimebaki na hatari tu. Mimi nazitupa, hasa nikiwa wa kwanza kucheza.

Ya tatu ni karata zinazofuatana za alama moja, 7-6, 8-7, 9-8, lakini hizi nazikubali ukiwa umekaa karibu na mgawaji au ni wewe mwenye nafasi ya mwisho, basi. Mfululizo kamili, yaani karata tano zinazofuatana, kwenye flopu huja mara moja katika 77 hivi. Mara nyingi zaidi unabaki ukisubiri, na kusubiri huku ukiwa wa kwanza kuzungumza ni njia ya uhakika ya kulipa bei usiyoijua. Ukiwa wa mwisho unaona wenzako wote wamefanya nini kabla hujatoa hata chipu moja. Kwa karata dhaifu, nafasi hiyo ina thamani kuliko karata zenyewe.

K-7, Q-8, J-4, 10-5: tupa, hata kwa bei ya blaindi moja, hata za kopa. Kwenye blaindi ndogo, ambako inaonekana umepewa punguzo kwa kuongeza 50 tu, tupa pia. Punguzo hilo linakununulia kiti kibaya kuliko vyote mezani, maana utazungumza wa kwanza kila raundi hadi mwisho. Kwenye blaindi kubwa hali ni tofauti: kama hakuna aliyepandisha unaona flopu bure, ione. Ila jozi ya J ikija na 4 yako, kumbuka ulivyoingia.

Jambo jingine ambalo nadhani rafiki yako hakulitazama ni saa. Shindano kuu la WSOP, yaani ubingwa wa dunia wa poka, kule Las Vegas huanza na chipu 60,000 kwa blaindi 100/200, yaani blaindi 300, sawa kabisa na mwanzo wenu. Lakini kule ngazi ni ya saa mbili. Ninyi kwa muda huo mmemaliza ngazi tatu. Ukiwa na 17,000 kwenye 150/300, una blaindi 57 tu, na ngazi ya nne inagonga mlango. Kwa kina hicho 7-6 za alama moja zimeshapoteza sehemu kubwa ya faida yake, kwa kuwa hakuna rundo la kutosha kukulipa mara chache unazopata. Ruhusa ya kucheza karata dhaifu unayo kwa dakika 80 za mwanzo. Baada ya hapo kaza, hata kama meza nzima bado inacheza kama vile ngazi ya kwanza haijaisha.

Kuhusu Brunson, ni kweli: alishinda mwaka 1976 na 1977, na mara zote mbili mkono wa mwisho ulikuwa 10-2 uliogeuka tatu za 10 na mbili za 2. Lakini ule ulikuwa mkono wa mwisho, wamebaki wawili mezani. Wawili wakibaki, karata nyingi sana zinachezeka, kwani huna watu wanane wa kukupiga. Tena mara zote mbili, flopu ilipofunguliwa, alikuwa nyuma: mwaka 1976 Jesse Alto alikuwa na A-J na flopu ikaleta A-J-10, mwaka uliofuata Gary Berland alikuwa na 8-5 kwenye 10-8-5. Kumtaja Brunson kama ushahidi wa kulipa J-4 katika ngazi ya kwanza yenye watu tisa ni kumsingizia.

Sasa lile swali lako la pili, la kungoja A-A na K-K. Hapana. A-A huja mara moja katika mikono 221, na ukijumlisha na K-K ni mara moja katika 110 hivi. Kwa mikono 55 kabla ya mapumziko, siku nyingi hutaziona kabisa, na ukiziona baada ya kutupa saa nzima, meza yote itakupisha. Cheza jozi zote kubwa, A-K, A-Q, na karata zenye nguvu kwa kupandisha, si kwa kulipa tu. Ukiwa wa kwanza kuingia, pandisha au tupa. Kulipa bila kupandisha kuache kwa zile jozi ndogo na zile za kufuatana, pale ambapo wengine wawili watatu wameshalipa mbele yako na nyuma yako hakuna mtu mwenye tabia ya kupandisha. Yupo? Basi hata hizo punguza, kwa sababu 100 yako itageuka 600 na wewe utasema "nimeshaingia".

Kuna meza ambazo ningekuruhusu upanue zaidi. Ukikuta watu wanaolipa kila kitu hadi karata ya mwisho na hawapandishi kamwe, 5-4 za alama moja kwenye nafasi ya mwisho ni halali kabisa. Lakini fahamu kwamba katika mashindano chipu unayopoteza ina thamani kubwa kuliko unayoipata. Bingwa hukusanya chipu zote, ila hapewi zawadi zote. Sehemu kubwa inagawiwa kwa wa pili, wa tatu na kuendelea. Kwa hiyo kuongeza rundo mara mbili hakuongezi thamani yako mara mbili. Mwanzoni tofauti hiyo ni ndogo, sitaki kuikuza, lakini inatosha kukataa mkono ambao kwa makadirio yako ni nusu kwa nusu.

Hilo la kuingia tena limenishtua kuliko flashi. Ada tatu usiku mmoja ni shilingi 30,000. Kama hizo ni pesa ulizozitenga kwa mchezo huu, basi ni gharama ya kujifunza, ingawa ningekushauri uweke kikomo cha kuingia tena mara moja, na uamue ukiwa nyumbani, si dirishani. Lakini kama uliingia tena ili kurudisha zilizopotea, kama ulikopa, kama kuna kodi ya nyumba au karo iliyoguswa, au kama mwenzako nyumbani hajui, hayo siwezi kuyatibu kwa maandishi. Onana na mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili ana kwa ana, na acha mashindano hadi mzungumze. Kamari huwanasa hata watu wazuri wa hesabu.

Kama upande huo uko salama, msaada wa ana kwa ana unaokufaa ni mwingine. Chukua daftari dogo. Kila unapolipa kuona flopu kwa karata dhaifu, andika mambo matatu: karata, ulikaa wapi, na jumla ya chipu zilizotoka hadi mkono ulipoisha. Usiandike kama ulishinda kwa raha au ulionewa. Baada ya mashindano mawili, mtafute mchezaji ambaye unamwona mara kwa mara akifika meza ya mwisho, mnunulie chai, mkae na daftari hilo kwa saa moja. Rafiki yako mwache kwanza, hadi aje na daftari lake.